Mchezo Uliotuachia Vinywani, Mama

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu asubuhi ile ulipokaa kwenye benchi la kubadilishia viatu kule kazini, ukavua kiatu kimoja, ukamwambia mwenzako kwamba unapumzika kidogo. Cha pili hukukivua. Daktari alisema ni moyo. Sisi tulishangaa, maana katika mwili wako wote, moyo ndio tuliokuwa na uhakika nao.

Tunakuandikia hapa hadharani kwa sababu wengi waliokufahamu walifahamu kipande tu. Kazini walijua mikono yako, mtaani walijua salamu zako. Na wengine, ambao hatuwajui wote, waliondoka kwako na sentensi moja mdomoni bila kujua ni ya nini. Hao tunawatafuta, na tutaeleza sababu.

Wagonjwa wa hospitali ile walilala juu ya kazi yako bila kukuona. Chumba cha kufulia kiko nyuma kabisa, karibu na mabomba ya mvuke, na mgonjwa hafiki huko ila akipotea njia. Ulipiga pasi na kukunja mashuka, foronya na makoti ya madaktari. Madaktari uliwajua kwa mifuko yao. "Huyu anakula karanga kazini," ulituambia jioni. "Na huyu ana mtoto mdogo, nimekuta kalamu ya rangi imetafunwa." Ukifika nyumbani mikono ilikataa kuacha kazi. Ulikunja taulo, ulikunja mifuko ya plastiki, ulikunja gazeti la Baba kabla hajalimaliza. Baba alikuwa akisema anaogopa kusinzia kwenye kochi asije akaamkia kabatini.

Bibi, mama yake Baba, hajasimama kwa miguu yake kwa miaka mingi. Ulimwosha na kumgeuza kabla ya kwenda kazini, ukamwosha na kumgeuza ulipotoka. Nywele zake ulizisuka vizuri kuliko zako. Neno lako la nyumbani lilikuwa "Nakuja." Tulikuita kutoka vyumba vyote kwa pamoja, Bibi anataka maji, Baba haoni bisibisi yake, Chiriku wetu mdogo ana hesabu imemshinda, nawe ulisema "Nakuja," na ajabu ni kwamba ulikuja kweli, kwa kila mmoja.

Kati ya "nakuja" moja na nyingine ulikuwa unatunga mchezo wa kuigiza.

Ulianza tangu usichana. Uliigiza shuleni, ukaambiwa una kipaji, kisha ikaja ndoa, ikaja kazi, tukaja sisi, Bibi akaanguka. Wengine wangeifunga hamu kama hiyo vizuri na kuiweka juu ya kabati. Kwetu juu ya kabati kulikuwa na masanduku. Hapakuwa na nafasi.

Mwanzoni uliandika. Lakini karatasi katika nyumba yetu haikai bila ajira. Ukurasa mmoja uliwasha jiko. Mwingine Baba aliuandikia vipimo vya mlango wa friji ya mteja, naye ni fundi friji, hawezi kuona mahali peupe akapaacha. Mwingine Chiriku, kitinda mimba wako, aliuchorea ng'ombe mwenye miguu mitano na kukuletea kama zawadi. Ulimshukuru, ukambandika ng'ombe ukutani. Tangu siku hiyo hukuandika tena. Ukaanza kuwapa watu maneno ya kukariri.

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mashine zinanguruma, kwa hiyo mkiwa kila mmoja upande wake hamsikiani. Mnasogeleana, ncha zinakutana, mikono inagusana, na hapo ndipo mtu anaweza kusema jambo likasikika. Kisha mnaachana tena. Mchezo wako wote ulitungwa hivyo, katika zile hatua za kukutana. Ndiyo maana hakuna anayehutubia ndani yake. Kila mtu anasema kidogo, anaondoka, anarudi.

Mchezo wenyewe ni huu: mwanamke anaingia kituo cha polisi kutoa taarifa ya mtu aliyepotea. Afande anauliza: ni nani, amevaa nini, alionekana wapi mara ya mwisho. Polepole inajulikana kwamba aliyepotea ni yule yule aliyekuja kutoa taarifa. Wanaitwa mashahidi. Jirani, mama mkwe, mtoto na mume wote wanaapa kwamba mama huyu hajapotea hata kidogo, wamemwona leo leo, chakula kilikuwa mezani. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha. Tunapenda watu walijue hilo.

Nafasi ya afande ulimpa kinyozi wa mtaani kwetu, ndani ya kibanda chake, huku akimnyoa mteja nawe umesimama mlangoni na kapu.

"Dada, mimi hata shairi la shule lilinishinda."

"Sema tu: Amevaa nini?"

"Amevaa nini."

"Siyo hivyo, kaka yangu. Wewe ni askari, una njaa, na kiti chako kina mguu mbovu."

"AMEVAA NINI?"

"Shati la bluu, afande," akajibu mteja aliyekuwa na povu mpaka masikioni.

Mama mkwe ulimpa Bibi, aliyekuwa amelala anatazama dari. "Kumbe naruhusiwa kukutukana?" akauliza. "Mchezoni tu, Mama." "Basi niongezee maneno, haya machache." Tangu siku hiyo Bibi aliamka kila siku na kitu cha kufanya. Tulimsikia akifanya mazoezi peke yake, anabadilisha sauti, anakuita mvivu kwa namna hii na namna ile.

Jirani ulimpa mwenzako wa kukunja, tunayemwita Mama Mkubwa kwa kuwa alikutangulia kazini na kwa umri. Mtoto akawa Chiriku. Mimi nilikuwa chuoni, ukanipigia simu kunipa redio ya kituo, ile inayokoroma na kukatiza watu, ukanifanya nikorome kwenye simu mbele ya wanafunzi wenzangu mpaka uliporidhika. Baba peke yake alikataa.

"Mimi nina friji za watu."

"Huna hata neno moja la kusema, Baba Watoto. Mume anakohoa tu."

"Anakohoa vipi?"

"Vile unavyokohoa nikikuuliza jambo."

Baba akakohoa. "Hivyo hivyo," ukasema, "umeshaiweza."

Mwanamke mwenyewe ulikuwa wewe. Tukikuuliza maneno yako, ulisema, "Yangu bado yanaiva." Leo ulisema hivi, kesho ulisema vile, na kila mara sisi tuliingia mahali petu bila shida. Hakuna aliyeona hatari. Tulikuwa tumekusikia mara nyingi mno, tukadhani tunayajua.

Siku ya kuucheza ilikuwa inasogezwa. Bibi akipata nafuu. Chiriku akimaliza mitihani. Kisha ukasema, "Msomi akimaliza chuo, hapo sina kisingizio." Msomi ni mimi, ndivyo mnavyonitania. Nikamaliza. Joho langu ulilipiga pasi mwenyewe, ukalitazama, ukasema, "Sasa tutafute siku." Ulikuwa na kazi, ulikuwa na Bibi, mtambo mmoja kazini ulikuwa umeharibika na mashuka yamerundikana. Siku haikupatikana, mpaka asubuhi ile ya benchi.

Baada ya mazishi tulijipa moyo kwamba mchezo tunao. Tulikaa sebuleni, Baba, Bibi kitandani kwake mlango ukiwa wazi, Chiriku na mimi, na kinyozi akaja. Tukaanza. Afande akauliza, "Amevaa nini?" Kimya. Afande akaendelea na sentensi yake inayofuata, akiisema kwa nguvu zake zote: "Hiyo siyo nguo, mama, hiyo ni kazi!"

Tukatazamana. Ulikuwa umesema nini katikati? Chiriku alikumbuka aproni. Kinyozi alikumbuka povu mpaka kwenye viwiko. Bibi alisema uliwahi kusema "nguo ya jana." Tukaenda hivyo mchezo mzima. Maswali ya afande tunayo, majibu ya mashahidi tunayo, matusi ya mama mkwe tunayo yote hadi la mwisho. Kila palipokuwa na wewe, pana shimo. Aliyepotea katika mchezo wako, Mama, amepotea kweli.

Tukamwendea Mama Mkubwa, tumaini letu. Alikusikia kila siku ya kazi. Alikunja mikono, akasema, "Mimi sikuyajua kwa kichwa, mwanangu. Niliyajua kwa shuka. Akimaliza maneno yake alikuwa analivuta hivi kidogo, ndipo naingia." Akaingia ndani akaleta shuka lake. Nikashika upande wako. Tukasogeleana, tukaachana, tukasogeleana, mikono yetu ikagusana. Akanitazama usoni, anangoja.

"Vuta," akasema.

"Nivute wakati gani?"

"Sasa hilo si ndilo alilokuwa analijua yeye."

Tukalimaliza kulikunja, kwa kuwa lilikuwa tayari mikononi.

Sasa hata vile vipande tulivyobaki navyo vinatuponyoka. Mama Mkubwa ameambiwa asirudi kazini, wameleta mashine inayokunja yenyewe. Alikwenda kuiona. "Inafanya vizuri," alituambia, "lakini haina mtu upande wa pili." Bibi anachanganya. Humwita mvivu muuguzi anayekuja kumtazama, kwa maneno yako yale yale, kisha hukuita, na tukimwambia hupo hulia upya kama aliyeambiwa kwa mara ya kwanza. Kuna siku tunamdanganya kwamba unakuja. Kinyozi anahamia kwa mwanawe mji mwingine mwisho wa mwezi huu.

Nami, Mama, nimepata kazi. Ninaingiza madai ya bima ya watu kwenye kompyuta: gari limegongwa, paa limevuja, mkono umevunjika. Ninashukuru. Nilidhani mtu akishapata kazi ya kukaa kwenye kiti atabaki na jioni zake nzima. Ninarudi macho yamejaa mchanga, namgeuza Bibi, nampasha Baba chakula, na nikikaa nifikirie jambo langu mwenyewe ninajikuta nimelala na viatu. Sasa ninakutazama kwa mshangao ambao sikuwa nao ulipokuwa hai. Ulipitia wapi? Mlango ulikuwa upi? Nimeutafuta katika siku yangu, kila mahali naona ukuta.

Nilijaribu kuyaandika maneno yako. Nilisoma fasihi, nikajiambia elimu hii itafanya kazi gani kama si hii. Nilijaza mashimo wakati wa chakula cha mchana, wiki baada ya wiki, kisha nikamsomea Baba akiwa amepiga magoti nyuma ya friji. Alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Maneno mazuri," akasema.

"Kwa hiyo tuyatumie?"

"Ni mazuri, Msomi. Ila siyo ya mke wangu. Mke wangu hapo angekuwa ameshasema na kwenda kuangalia chungu."

Chiriku, ambaye jina lake hilo ulimpa kwa kuwa hanyamazi, alikuwa amenyamaza muda wote. Kisha akasema, "Usinisomee tena. Nikiyazoea ya kwako, ya kwake yatatoka."

Nikaacha. Yeye ana vipande vyako vichache kichwani, vimekaa vibaya, vinapishana, na anavilinda kama mtu aliyebeba maji kwa viganja. Ningemsukuma vipi?

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, kabla kinyozi hajaondoka, tuliucheza ulivyo, na mashimo yake. Tuliuchezea kibandani kwake, vioo vingine vimeshang'olewa, ukutani yamebaki mabaka meupe. Baba na kinyozi walimbeba Bibi na kiti chake. Mama Mkubwa alikuja, majirani walisimama mlangoni. Hatukukuwekea kiti, hukuwa mtu wa kukaa. Tulikubaliana tu kwamba panapofika zamu yako, tunyamaze kadiri ambavyo ungesema.

Mama, kilikuwa kitu kigumu. Kinyozi alikionea haya kimya, akawa anakikatiza mapema. Redio yangu ilikoroma mahali pasipo pake. Bibi alisema maneno yake ya kwanza vizuri kabisa, kwa ile sauti aliyoichagua, kisha akangoja, akageuza kichwa huku na huku, akauliza, "Mbona hajibu? Mmemficha wapi?" Baba alikohoa. Haikuwa zamu yake.

Ikafika zamu ya mtoto. Mtoto anasimama mbele ya afande na kusema, "Huyu hajapotea, huyu ni mama." Ni hayo tu. Chiriku alisimama. Alifungua mdomo. Tulingoja, na watu wa mlangoni wakangoja, na mwishowe akatikisa kichwa akarudi kukaa karibu na Bibi. Mtoto anayesema hata usingizini. Nilisimama kusema basi, tuache, tumejaribu, turudi nyumbani. Niliona hatukuwa tunakukumbuka. Tulikuwa tunakupoteza mbele ya watu.

Lakini kinyozi alikuwa ameshashika kazi yake ya uaskari. Hakunitazama. Alimaliza mashahidi wote, akaegemea kile kiti kibovu, akauliza swali la mwisho la afande, linalofunga mchezo.

"Na tukimpata, mama, tumpeleke wapi?"

Hapo jibu ni lako, na baada yake hakuna maneno mengine. Hakuna hata mmoja wetu anayelijua. Tulinyamaza. Kinyozi, safari hii, hakukatiza.

Katika kimya hicho Mama Mkubwa akacheka.

Alicheka kweli, kicheko kilichomtoka kifuani kabla hajakijua, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakitikisika. Nilimwendea, nikamshika.

"Mama Mkubwa, alisema nini?"

"Sijui."

"Sasa unacheka nini?"

"Sijui, mwanangu. Hapa ndipo tulipokuwa tunacheka. Kila siku. Shuka lilikuwa linatuanguka." Akajaribu kunyamaza, akashindwa. "Lilikuwa neno la kuchekesha sana. Nisamehe. Sijui lilikuwa nini."

Bibi akacheka kwa sababu Mama Mkubwa anacheka. Kisha kinyozi, kisha watu wa mlangoni, ambao hawakujua wanacheka nini, na Chiriku uso umelowa. Baba alitoka nje akasimama ametupa mgongo. Tulicheka sote, Mama, kwa jibu ambalo hakuna aliyelisikia.

Wewe unayesoma: mama huyu hakuwa mchoyo wa maneno. Tumesikia kwamba aliwapa hata watu wa foleni, hata mgonjwa mmoja aliyepotea njia akatokea kwenye mvuke. Kama uliwahi kukaa naye akakwambia, "Hebu sema hivi," au kama ulimsikia akijibu mwenyewe, tunakuomba utuletee neno hilo. Usilitengeneze, usilipambe. Hata neno moja, hata kama huna hakika nalo. Ukifika mtaani uliza fundi friji.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye sasa anakohoa ovyo. Na mama mkwe wako, anayekusubiri ujibu. Na mwanao wa kwanza, uliyempigia pasi joho. Na Chiriku, ambaye bado ana sentensi yake, hajaisema. Na Mama Mkubwa, aliyekuwa upande wa pili wa shuka. Na kinyozi, kaka yako wa mtaani, anayekwenda mbali akiwa na maswali yote ya afande.

Tutakukumbuka daima, Mama, hata pale tusipokumbuka ulisema nini.